Tupeane uzoefu: tunamuenzije mtunzi wa wimbo wa Kilatini, siyo mwimbaji peke yake?

Bolero_Saa_Sita (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Bendi ikitangaza usiku wa Kilatini, yaani wa muziki wa Amerika ya Kilatini, au redio ikiweka kipindi maalumu, majina yanayosikika ni ya waimbaji tu. Celia Cruz, Héctor Lavoe, Luis Fonsi. Aliyekaa na kalamu hatajwi, na akitajwa mara nyingi jina limekosewa. Uzi huu ni wa wanaoandaa maonesho, vipindi na makala: mtunzi halisi unamtambuaje, jina lake unaliandikaje, wimbo wake unaupigaje bila kuuvuruga, na senti yake inamfikiaje. Habari za "mimi nilivyoanza muziki" tuziwekee uzi wake. Hapa tuleteni vitu vya kutumika.

Naanza na jambo linalochanganya hata waandishi wazoefu. Tuzo za muziki wa Kilatini za Latin Grammy, zinazotolewa tangu 2000, zina Rekodi ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka. Rekodi ni ya mwimbaji, maprodyuza na mafundi mitambo. Wimbo ni wa watunzi. Mwaka 2023 Rekodi ilikwenda kwa "De todas las flores" ya Natalia Lafourcade, ilhali Wimbo ulikwenda kwa ule wa Shakira na Bizarrap, ambao watunzi wake ni wanne: Shakira, Bizarrap, Santiago Alvarado na Kevyn Mauricio Cruz. Hao wawili wa mwisho ndio tunaowaruka. Sherehe hiyohiyo, iliyofanyika Sevilla, ndiyo iliyotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya Mtunzi wa Mwaka, akaichukua Edgar Barrera. Tuzo hizo zilikuwa zimeshatimiza zaidi ya miaka 20 kabla mtunzi hajapata kiti chake mwenyewe. Afadhali Desmond Child na Rudy Pérez, ambao waliwaanzishia watunzi wa Kilatini jumba lao la heshima kule Miami, na sherehe ya kwanza ikafanyika 2013. Sanamu yao inaitwa La Musa.

Santuri_78

Mkuu, kazi inaanzia kwenye lebo ya sahani. Jina kubwa ni la mwimbaji au orkesta. Mtunzi yuko chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, kwa kawaida ndani ya mabano. Majina yakiwa mawili usikimbilie kuandika "wametunga pamoja". Tafuta neno *letra* (mashairi) na *música* (muziki). Ukiona *L. y M.* ujue mtu mmoja kafanya vyote viwili. *Arr.* ni mpangaji wa vyombo, naye anastahili kutajwa, ila pembeni.

Kuna herufi mbili za kuziangalia kwa jicho kali: *D.R.* Zimejaa kwenye santuri za salsa zilizotengenezwa New York miaka ya 1960 na 1970. Kirefu chake ni *derechos reservados*, yaani haki zimehifadhiwa. Wengi wanadhani ni wimbo wa asili usio na mwenyewe. Sivyo. Mara nyingi ni wimbo wa Mkuba anayejulikana kabisa, ila baada ya vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba malipo yakawa hayaendi, na lebo ikaandika hivyo badala ya jina lake. Kwa hiyo D.R. isomwe "mtunzi atafutwe".

Pa kumtafutia: kwa santuri za zamani anza na Discography of American Historical Recordings ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara; inatoa tarehe ya kurekodi, namba ya matriki (ya bamba mama la rekodi) na mtunzi. Kwa muziki wa Meksiko kuna Frontera Collection ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Kwa Kuba kuna mkusanyo wa Cristóbal Díaz Ayala ulioko Florida International University, Miami. Kwa nyimbo ambazo bado zina haki, tumia Songview, orodha ya mtandaoni ambayo vyama vya mirabaha vya Marekani, ASCAP na BMI, wanaiendesha pamoja, kisha linganisha na ISWC. Hii ISWC ni namba ya utunzi wenyewe: T, tarakimu tisa, halafu moja ya kuhakiki. Usiichanganye na ISRC, yenye alama 12, ambayo ni ya rekodi. "Bésame mucho" ina ISRC chungu nzima kwa sababu kila anayeirekodi anapata ya kwake, lakini utunzi ni uleule mmoja wa Consuelo Velázquez.

Ukitafuta humo usiweke alama juu ya herufi, na usitafute kwa jina la wimbo peke yake. "Historia de un amor" ukiiandika bila Carlos Eleta Almarán pembeni, utaletewa nyimbo nyingine zenye jina hilohilo.

DadaKorasi

Naongezea upande wa majina, maana hapo ndipo vyeti na mabango yanapoharibika.

Jina la Kihispania lina ukoo mara mbili: wa baba unatangulia, wa mama unafuata. Ukifupisha, unabaki na wa baba. Catalino "Tite" Curet Alonso ni Curet, siyo Alonso. Rafael Hernández Marín ni Hernández. Kwa Wabrazili ni kinyume, ukoo wa baba unakaa mwisho: Antônio Carlos Brasileiro de Almeida Jobim ni Jobim.

Halafu majina ya kisanii. Kwenye hati za hakimiliki Juan Gabriel ni Alberto Aguilera Valadez. Compay Segundo ni Francisco Repilado. Mtego mkubwa kuliko yote ni Ramón Ayala. Yuko mpiga kodiani maarufu wa muziki wa norteño, ule wa kaskazini mwa Meksiko. Yuko Muajentina aliyetunga "El mensú". Na yuko Ramón Ayala aliyeandikwa kwenye "Despacito", ambaye ni Daddy Yankee. Kuna mabango yanayobandika picha ya mzee wa kodiani chini ya "Despacito". Hapohapo kwenye "Despacito" msimsahau Erika Ender wa Panama, aliyeitunga pamoja na Luis Fonsi. Erika aliingizwa kwenye lile jumba la Miami mwaka 2017.

Alama za herufi siyo mapambo. Kwenye simu, bonyeza n bila kuachia hadi ñ itokee. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vitufe vya namba pembeni, shikilia Alt uandike 164 kwa ñ, 160 á, 130 é, 161 í, 162 ó, 163 ú. Kabla ya kupeleka kiwandani, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwa fonti ileile, kwa sababu fonti nyingi za mapambo hazina ñ na zinaweka n tupu au kisanduku. Mkitengeneza ngao ya *Compositor del Año* ikatoka "Ano", mtakuwa mmemkabidhi mzee wa watu tuzo ya mtunzi wa tundu la haja kubwa. Sitanii.

Mwanasheria_wa_Mtaa

Nyimbo hizi msizitangaze kabla ya kusoma historia yake:

"Guantanamera". Muziki unahusishwa na Joseíto Fernández wa Havana, aliyekuwa akiimba matukio ya siku redioni kwa mahadhi hayo. Beti zinazoimbwa leo ni za mshairi José Martí, kutoka *Versos sencillos* ya 1891. Aliyeziunganisha beti hizo na mahadhi hayo ni Julián Orbón. Pete Seeger aliupeleka Carnegie Hall 1963, na The Sandpipers wakautembeza dunia nzima 1966. Mkiandika "wimbo wa Sandpipers" mmefuta watu watatu kwa mpigo.

"Lambada" ya Kaoma, 1989. Ni "Llorando se fue" ya ndugu Ulises na Gonzalo Hermosa wa kundi la Los Kjarkas, Bolivia. Ilipotoka mara ya kwanza Ulaya, jina la mtunzi lililowekwa halikuwa lao. Walidai, wakapata.

"El cóndor pasa". Daniel Alomía Robles wa Peru, mchezo wa jukwaani wa 1913. Paul Simon aliuchukua akidhani ni wa jadi. Mtoto wa Robles akafungua madai kwa kuwa wimbo ulikuwa umesajiliwa Marekani tangu 1933, na jina la baba likarudi.

Kisa ni kilekile kila mara: mtu kasikia, kapenda, kaandika "wa jadi" kwa sababu hakuuliza. "Wa jadi" uandike baada ya kutafuta, siyo kabla.

Tumba_na_Klave

Haya, majina yamepatikana. Sasa mkipanda jukwaani mkaupiga wimbo kinyume na klave, yaani mgongo wa vijiti viwili unaoongoza bendi nzima, heshima iko wapi?

Chukua hesabu nane, kila moja uikate vipande viwili, upate 16. Klave ya son (mtindo wa Kuba) ya 3-2, yaani vipigo vitatu kisha viwili, inagonga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Ukianza na upande wa mbili, yaani 2-3, inagonga kwenye 3, 5, 9, 12 na 15. Klave ya rumba ya Kuba inasogeza kipigo kimoja tu: 1, 4, 8, 11, 13. Hicho kimoja kinabadilisha wimbo mzima, kwa hiyo msichanganye.

"Oye cómo va" iko kwenye 2-3. (Mtunzi ni Tito Puente, 1962. Santana kaja 1970, tafadhali.) Kosa la kawaida: bendi inaongeza utangulizi wa hesabu nne ili mwimbaji ajipange, mwenye vijiti haendi nao, na kuanzia hapo vijiti viko upande mmoja, kinanda upande mwingine. Msikilizaji hajui kilichoharibika ila hachezi. Ukiongeza, ongeza mzunguko mzima wa hesabu nane.

Besi: mpigaji aliyekulia kwenye dansi letu anatamani kukanyaga moja. Kwenye salsa na son montuno, katika kila hesabu nne, noti zinaangukia nusu ya pili ya hesabu ya 2 na kwenye 4, na ile ya 4 tayari inabeba kodi (chord) ya hesabu nne zinazofuata. Moja inabaki wazi. Mwanafunzi apige polepole, mguu ukigonga moja huku mkono umetulia, mpaka azoee.

Bolero, zile nyimbo za mapenzi za polepole, ni habari nyingine. Besi inakaa ndefu hesabu mbili, kisha 3 na 4. Manyanga yanatembea vipigo vinane, sawasawa, bila kupanda. Bendi nyingi zinaua bolero kwa kuikimbiza wakiogopa watu watasinzia. "Bésame mucho" umbo lake ni A-A-B-A: A ni sehemu inayorudiwa, B ni ya katikati. A ya kwanza iimbwe kama Velázquez alivyoiandika, noti kwa noti. Madoido yasubiri hadi B ipite. Mwimbaji akianza madoido tangu mstari wa kwanza, watu watamsikia yeye tu.

MamaRedio

Kwa mtangazaji: utambulisho usizidi sekunde 40, ambazo kwa mwendo wa kawaida ni maneno kama 70. Weka vitu vinne, yaani jina, alikotoka, nani aliimba kwanza au kuupa umaarufu, na jambo moja linalomfanya awe mtu. Mfano:

"Unaosikia ni 'Periódico de ayer', sauti ya Héctor Lavoe, 1976. Aliyeutunga ni Tite Curet Alonso, mzaliwa wa Guayama, Puerto Rico, mfanyakazi wa posta aliyeandika nyimbo zaidi ya elfu moja. 'Anacaona' ya Cheo Feliciano ni yake. 'Las caras lindas' ya Ismael Rivera ni yake. Kwa zaidi ya muongo, mgogoro wa haki uliziondoa nyimbo zake kwenye redio za nyumbani kwao, hadi 2009."

Jina la mtunzi litajwe kabla ya wimbo na baada yake. Anayefungua redio katikati asikose.

Kwa onesho la saa moja, nyimbo 12 zinatosha: dakika 4 kila mmoja ni 48, utambulisho 12 wa sekunde 40 ni dakika 8, zinabaki 4 za makofi na nyuzi zilizolegea. Ukipanga 15 utaanza kukata utambulisho, na huo ndio uliokuwa kiini cha shughuli.

Kijana_wa_Solo

Wakuu, na tukitia maneno ya Kiswahili kwenye bolero?

Mwanasheria_wa_Mtaa

Dogo, kupiga kopi jukwaani kunamalizwa na leseni ya ukumbi. Kubadilisha maneno ni kazi nyingine: unahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kwa kawaida huyo ni kampuni ya uchapishaji wa muziki, siyo familia. Ukishaipata, jina lako linaingia kama mwandishi wa mashairi ya Kiswahili, na la mtunzi linabaki. Ndivyo ilivyokuwa "Somos novios" ya Armando Manzanero ilipopewa maneno ya Kiingereza na Sid Wayne na kuimbwa na Perry Como mwaka 1970.

Angalia pia muda wa haki. Kenya ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Meksiko ni miaka 100. Velázquez alifariki 2005, kwa hiyo "Bésame mucho" Kenya ina haki hadi mwisho wa 2055, Meksiko hadi 2105. Ukiipandisha mtandaoni inafika hata kule kwenye miaka 100.

Santuri_78

Kwa wanaouliza Kuba inatuhusu nini sisi: kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika sahani za mfululizo wa GV, zilizojaa son na rumba za Kuba. Miongoni mwake ni "El manisero" ya Moisés Simons iliyopigwa na orkesta ya Don Azpiazú. Kongo walizisikia wakajenga rumba yao, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Kwa hiyo kwenye usiku huo, Simons apewe nafasi ya mwanzo.

MamaRedio

Mwisho kuna fomu ya nyimbo zilizopigwa, ile ya chama cha kukusanya mirabaha. Safu ya "mtunzi" ikiwa tupu, au ukiandika jina la mwimbaji, fedha inaingia kwenye fungu la kazi zisizotambulika. Jaza jina la wimbo kwa Kihispania chake, mtunzi wa muziki, mwandishi wa mashairi, ISWC kama unayo, na dakika. Ukipiga nyimbo tatu zilizounganishwa kwa dakika 9, usiandike "mchanganyiko wa Kilatini". Ni mistari mitatu, kila wimbo na dakika zake.