Tupeane uzoefu: nyumba ni yako, madeni yapo, na mkopo umenyimwa

Mwanzisha mada, Gungu, Kigoma

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya hali inayowakuta wengi hapa kwetu ingawa husemwa kwa nadra: mtu anaishi katika nyumba yake mwenyewe, halipi kodi kwa yeyote, lakini anadaiwa huku na huku, na kila anapoomba mkopo mmoja wa kuyamaliza madeni hayo anakataliwa.

Mimi ni fundi seremala. Nyumba yangu niliijenga kidogo kidogo, na karatasi niliyo nayo ni mkataba wa mauziano ya kiwanja uliogongwa muhuri na serikali ya mtaa. Nadaiwa na SACCOS, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, nadaiwa fedha za mbao, nadaiwa ada ya shule, na ipo mikopo midogo ya simu. Benki ilinijibu kwamba nyumba isiyo na hati haiwezi kusajiliwa rehani, na kwamba hata ningekuwa nayo, mzunguko wa fedha katika akaunti yangu hauoneshi uwezo wa kulipa. Jibu la pili ndilo lililonifikirisha zaidi, maana huku mitaani tunaihesabu nyumba kuwa ndiyo uwezo wenyewe, ilhali mkopeshaji anahesabu kinachoingia kila mwezi.

Naomba anayechangia aeleze aliyoyapitia yeye mwenyewe: alianza kumlipa nani, alizungumzaje na wadai wake, na nyumba ilimsaidiaje bila kuwekwa rehani. Wenye matangazo ya mikopo ya haraka tafadhali wasituingilie.

Mfanyabiashara wa dagaa, Ujiji

Kaka, pole. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nilikuwa na mkopo wa kikundi, deni la mzigo niliochukua kwa mali kauli, na mkopo ule tunaouita kausha damu, ambao marejesho yake ni ya kila siku. Sina ugomvi na ziwa kupumzishwa, ila marejesho hayakupumzishwa. Benki nayo ilikataa kuniongezea, kwa kuwa akaunti ya muuza dagaa asiye na dagaa huwa kimya.

Niliyaandika madeni yote kwenye daftari, nikayapanga kwa kuangalia kila moja linazaa kiasi gani kwa wiki, bila kujali ukubwa wake. Kwa mpangilio huo kausha damu, ambayo ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko yote, ilikaa juu kabisa. Swali likabaki fedha itoke wapi. Tulibanana: watoto wa kike wakahamia chumba cha mama mkwe, ambaye alinung'unika wiki nzima, na vyumba viwili vya uani tukavipangisha kwa kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo. Fedha ile haikuingia jikoni hata shilingi moja. Ilikwenda kumaliza kausha damu siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, nikadai maandishi kwamba nimemaliza.

Kwenye kikundi nilikwenda kabla ya siku ya marejesho, nikiwa na daftari mkononi, nikaomba nilipe riba peke yake hadi ziwa lifunguliwe, mtaji ufuate baadaye. Walikubali baada ya maneno mengi. Wenzangu waliosubiri hadi wakafuatwa majumbani hawakusikilizwa vile.

Mtumishi wa umma, Isevya, Tabora

Mimi hati ninayo na bado nilikataliwa. Mshahara wangu ulikuwa umeshakatwa hadi kufikia kiwango ambacho sheria inataka kibaki, yaani theluthi moja ya mshahara, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya makato mengine. Nikaelekezwa kwa mkopeshaji binafsi mjini, ambaye hakuuliza habari za mshahara hata kidogo. Alitaka nimwachie hati na kadi ya benki, kisha akaniletea karatasi ya kusaini, na nilipoisoma kwa utulivu nikaona haikuwa mkataba wa mkopo. Ilikuwa imeandikwa kwamba nimemuuzia nyumba kwa bei iliyo sawa na kiasi ninachokopa. Eti ni utaratibu tu, na nikirejesha fedha karatasi itachanwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nyumba za watu zinapopotelea. Rehani halali huandikishwa kwa Msajili wa Hati, na mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Aliyesaini mauziano atapata tabu sana kuudai ulinzi huo, kwa sababu karatasi inamtaja kuwa muuzaji na haimtaji popote kuwa mdaiwa. Tena nyumba ya familia haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelisema hilo wazi. Mke wangu aliposikia maneno ya "utaratibu tu" alichukua hati akaificha mahali ambapo hadi leo hajaniambia, na sijamuuliza.

Nilichofanya ni kuiomba SACCOS yangu iongeze muda wa kulipa ili makato ya mwezi yapungue. Jumla ya riba imekuwa kubwa zaidi, lakini nimepata pumzi ya kulipa ada bila kukopa tena.

Mwanzisha mada

Nashukuru. Naomba mwenye ufahamu anisaidie: hawa wa kausha damu wanabanwa na sheria yoyote?

Niliyewahi kuwa afisa mikopo, Kasulu

Wanabanwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeelekeza riba yake isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekukopesha laki moja na kutaka laki na thelathini mwisho wa mwezi amevuka mbali sana, na ukimwomba aoneshe leseni mara nyingi mazungumzo hubadilika.

Kuhusu kukataliwa, nilipokuwa kazini niliona watu wengi wakianguka kwa sababu ya mikopo ya simu ambayo wao walikwisha kuisahau. Taarifa za mikopo hupelekwa kwenye kanzidata ambayo wakopeshaji huitazama kabla ya kuamua, na deni dogo lisilolipwa linasomeka humo kama deni lingine lolote. Fundi, anza na hayo madogo, kisha uombe uthibitisho wa maandishi kuwa umemaliza na uombe uoneshwe taarifa yako mwenyewe. Halafu uulize kwenye mtaa wako kama urasimishaji wa makazi, yaani kupimiwa viwanja na kupewa hati, umefika, ingawa nakuonya kwamba hati ikipatikana vishawishi vya kuiweka rehani vitaongezeka.

Mkulima wa tumbaku, Kaliua

Kwetu makato ya pembejeo hufanyika kupitia AMCOS, yaani ushirika wetu wa mazao, tumbaku ikiuzwa. Nilipokataliwa mkopo wa mjini, kwa kuwa nyumba yangu ipo kijijini na hati yangu ni ya kimila, niliwaendea wadai wote na kuwaomba tarehe ya malipo iwe baada ya masoko. Mwenye duka alikubali. Mwingine alikataa, nikauza ng'ombe, nikamlipa, tukamalizana.

Mwanzisha mada

Nimewaelewa. Mikopo ya simu nitaimaliza kwanza. Chumba cha mbele, ninamoweka mbao, nitakitoboa mlango wa barabarani kiwe fremu ya kupangisha, na kodi yake iende SACCOS, kwa sababu walionidhamini kule ni majirani zangu na sitaki akiba zao ziguswe. Dada wa Ujiji, je, mpangaji anaweza kulipa moja kwa moja kule?

Mfanyabiashara wa dagaa, Ujiji

Anaweza, kaka, ila liandikwe ndani ya mkataba wa upangaji, pamoja na namba ya akaunti ya SACCOS, na shemeji asaini pia. Nakala moja ipeleke kwa meneja wao kabla mpangaji hajaingia, ukaombe papo hapo kiwango kipya cha marejesho. Na gharama ya kutoboa huo mlango mkubaliane na mpangaji aitoe yeye, mkate kwenye kodi yake ya mwanzo.