Nashona kofia za viua na watoto bado wadogo: niwashughulishe vipi bila simu?

Mshonaji wa Wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Tupo Wete, Pemba, mume wangu ni seremala, mimi nashona kofia za viua. Wa kike ana miaka 6, wa kiume 3. Anayeijua kazi hii anajua: kila kiua ni kitundu kinachozungushiwa uzi kwa mkono, na kofia nzuri hula miezi. Kazi naipenda mno, na ndiyo inayotuvusha mwezi.

Wifi yangu alikuja kututembelea, akawa anampa mdogo simu aangalie katuni. Kweli nilishona kwa utulivu. Lakini tangu aondoke, mtoto anaililia, mchanga wa uwani haumtoshi tena. Jamaa wanasema ninunue kishikwambi kazi iende. Moyo unakataa. Nimekulia michezo ya kijungujiko, mdako na hadithi za bibi usiku, na wangu nataka wavipate. Ila kofia za watu nazo zinasubiriwa. Nifanyeje?

Bibi wa Micheweni
Wa alaykumu salaam mwanangu. Huyo mkubwa keshafika umri wa kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Mtafutie miyaa, yale majani makavu ya kusukia, umkalishe ubavuni mwako: wewe viua, yeye ukili, na hadithi inakwenda, maana mkono ukishona ulimi haujafungwa. Ukili wake wa mwanzo usiutupe hata ukiwa umepinda. Mshonee kawa dogo la kufunikia chakula, baba yake alifunue wakati wa kula aone kazi ya binti yake.

Mdogo usimtarajie akae. Mpe vifuu, maji na mchanga karibu na miguu yako. Sindano na mkasi viwe juu.

Baba wa Mkoani
Dada, na baba yao je? Seremala hakosi vipande vya mbao. Avipige msasa visiwachome mikono, awachongee vingalawa, tanga la mfuko wa nailoni linatosha. Mimi wangu nawapeleka pwani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji ni ya bamvua, yanakupwa mbali, na watoto hufukuza kaa mpaka wachoke. Saa ya kupwa husogea karibu saa nzima kila siku, kwa hiyo tunapanga mapema, na mama yao anajua lini nyumba itakuwa yake na kazi yake.

Nesi wa Chake
Naunga mkono. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa miaka 3 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Mtoto hupata maneno kwa kusemeshwa na kujibiwa. Zungumza na wifi yako kwa upole, msimamo wa nyumba uwe mmoja, la sivyo kilio kitarudi kila akija mgeni.

Mpakaji hina, Unguja
Shoga, mimi simu siichukii, ndiyo duka langu, maharusi huchagua maua humo. Naishika watoto wakiwa chuo cha Kurani, wakirudi inaingia kabatini. Binti yangu namwachia hina achore kwenye karatasi, tena mwaka huu nimechukua ua lake moja nikampaka bi harusi! Piko tu, ile rangi nyeusi, ndiyo haligusi, lina kemikali za rangi ya nywele, huunguza ngozi.

Mshonaji wa Wete
Mungu awalipe kheri. Mume wangu kasoma yote, kesho anaanza na kingalawa. Wifi nitampigia mwenyewe. Bibi, miyaa ninunue au nikate mkindu mwenyewe?

Bibi wa Micheweni
Kwa kuanzia nunua iliyokwisha kuanikwa, mwanangu, isiyotiwa rangi. Mwambie aitie maji kidogo kabla ya kusuka, ikiwa kavu humkatikia akakata tamaa. Akizoea ndipo mwende mkinduni pamoja, mkachague makuti machanga.