Naomba ushauri: bima ya Coaster niliyoigeuza nyumba

Wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Uyole, Mbeya. Nimenunua Coaster, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, sola, tanki la maji na jiko la gesi. Mimi na mke wangu tunataka kuishi humo tukizunguka Tukuyu, Matema, Iringa hadi Mikumi.

Bima ndogo hulipa madhara ya wengine tu. Gari likiungua au likipinduka kwenye mlima Kitonga, hasara yangu. Nataka bima kubwa, ile inayolipa na gari langu mwenyewe. Wakala ananishauri nisiseme habari za kitanda na jiko ili nilipe kidogo. Naogopa sana, maana ukificha jambo kama hilo, siku ya madai wanaweza kukukatalia.

Aliyewahi kukatia bima gari la namna hii, alijazaje fomu? Vitu vya ndani vilihesabiwa? Na baridi ya Makambako usiku, mtungi wa gesi mnauweka wapi?