Njaa ndiyo inayoleta wizi, au kuna kingine?

Mama Chanja, Kibirizi
Habari zenu ndugu. Mimi naanika dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, chanja zangu za kuanikia zilikaa tupu. Kufungwa sikupingi, dagaa walikuwa wamepungua kweli. Ninachouliza ni wizi. Wiki za mwanzo mtaa ulikuwa shwari. Ilipoingia Juni vitu vikaanza kupotea: kuku, muhogo ukang'olewa ungali mchanga, hadi sufuria iliyolowekwa nje. Mimi walinikatia waya wa chanja, mita kama 12. Kisha zikaondoka betri mbili za taa kwenye kipe (chombo cha kuvulia dagaa) cha jirani.

Aliyekamatwa na betri ni kijana aliyenibebea ndoo za dagaa miaka minne, na hakuwahi kunichukulia hata kikombe. Watu walishaokota mawe. Nilimkumbatia nikapiga kelele mpaka mwenyekiti akaja. Tangu siku ile sina raha. Kama ni njaa, mbona wenzake wa chombo kile kile hawakuiba? Kama ni tabia, miaka minne yote ilijificha wapi?

Mzee wa Katonga
Pole mwanangu. Nimevua miaka 22. Njaa tumeizoea: kila mwezi mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, tunalala nyumbani, na betri haziibwi. Tajiri mwenye chombo anakukopesha, muuza unga anakukopesha, wote wanajua giza litarudi na deni litalipwa. Miezi mitatu hawawezi kuisubiri. Muulize kijana wako alikuwa anadaiwa na nani. Halafu kumbuka, mwalo uliokuwa ukikesha na watu ulibaki mtupu, na vifaa vya watu vimelala humo humo.

Mwalimu, Nzega
Shikamoo mama. Ulivyofanya ni vyema sana. Ila tusihesabu wizi tu. Mchumi Edward Miguel alitafiti vijiji vya Meatu, si mbali na huku kwetu Tabora, akachapisha 2005. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, karibu wote bibi wazee, yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu zao. Nikiisikia habari hiyo namfikiria bibi yangu.

Kijana wa Gungu
Lakini Marekani mwaka 2009 wasio na ajira walifika asilimia 10, na uhalifu ulishuka. Hapo mnasemaje?

Mama Chanja, Kibirizi
Mwanangu wa Gungu, kule aliyepoteza kazi analipwa posho kwa muda. Si ndiyo kazi ya muuza unga wa Mzee?

Mwalimu, marahaba. Hilo la bibi limenitoa machozi.

Mzee, nimemuuliza. Alikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mwezi Aprili, mkewe alipojifungua. Marejesho kila Jumatatu, ziwa likiwa wazi au limefungwa. Wakopeshaji walishambebea godoro, mtoto akalala kwenye kanga. Nilikuwa naishi nyumba ya tatu kutoka kwake na sikujua. Kwetu muuza unga alifunga daftari la mikopo wiki ya nne, nakumbuka kwa sababu na mimi alinirudisha. Huko Katonga ilikuwa wiki ya ngapi? Na vitu vilianza kupotea kabla au baada?