Naomba ushauri: riwaya ya mafua ya 1918 Ugogo

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya kuhusu mwanamke wa Ugogo, huko Dodoma, mwishoni mwa 1918. Mume kachukuliwa upagazi kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, ghala tupu kwa njaa ile ya Mtunya, halafu yakaingia mafua makali. Ripoti za wakoloni nimezisoma: wapagazi, ng'ombe, kodi. Mwanamke humwoni, labda awe mjane.

Mimi nataka ya ndani ya tembe, ile nyumba ya Kigogo. Nani alichota maji nyumba nzima ikiwa hoi? Mtama ulipoisha walisaga nini? Mjane alirithiwa na nani, mashemeji nao wamekufa?

Mwenye bibi aliyesimulia, au anayejua yalipo masimulizi yaliyorekodiwa kwa Kigogo, anisaidie. Hata nyimbo za kusagia zinanifaa.