UZI: Mnaoipa Old Yeller nyota moja kwa sababu mbwa kafa, mna kesi ya kujibu

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa "filamu zilizowaliza". Kule hakuna mjadala, ni vikatuni vya machozi mwanzo mwisho.

Kila ikitajwa Old Yeller ya Walt Disney (ile ya Krismasi 1957, dakika 83, mwongozaji Robert Stevenson), watu wanagawanyika yale yale. Kwa asiyeiona: Yeller ni mbwa wa familia moja ya Texas, anang'atwa na mbwa mwitu mwenye kichaa cha mbwa akiwalinda, na mwisho kijana wa nyumba anampiga risasi. Yupo anayeipa nyota zote kwa kuwa alilia. Yupo anayeipa nyota moja kwa kuwa mtoto wake alilia. Halafu kuna bingwa wa makauboi, analalamika nusu saa imekwisha hajaona mtu na bastola. Kilichomo ndani ya filamu hakuna anayekigusa. Inakera!

Nianze na huyu wa bastola. Ndugu yangu, ukauboi wa humu ni kazi. Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa na ng'ombe wa kumwaga lakini pesa hakuna. Pesa ilikuwa Kansas, kwenye reli. Ndiyo maana baba (Fess Parker) anaswaga ng'ombe na kupotea kwa miezi, anamwachia kijana wake Travis shamba, mama na mdogo wake Arliss. Sasa tazama ile kazi ya nguruwe. Hawa hawakai bandani, wanazurura porini, na mwenye mali anawajua kwa mkato wa sikio. Travis anapanda mtini na kamba yenye kitanzi, Yeller anawazungusha chini wasitawanyike, kijana anawanasa mmoja mmoja kutoka juu. Ni mbinu safi mradi usidondoke, maana ukidondoka umeangukia katikati ya meno. Anadondoka. Mguu unachanika, na mbwa anayeingia kati kumwokoa anararuliwa kuliko yeye. Mama anamshona mbwa kwa unywele wa mkia wa nyumbu. Kama hapo ulisinzia, basi kalale.

Sasa lile linalonipandisha presha. "Si wangemfungia siku kumi wakamwangalia?" Jamani, WALIMFUNGIA! Hamkuona kihenge cha mahindi? Hamkuona wiki zinapita?

Siku 10 mnazozisikia ni za mbwa ALIYENG'ATA mtu. Akiwa mzima baada ya siku hizo, maana yake siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi. Yeller ni mbwa ALIYENG'ATWA, na hilo ni jambo jingine kabisa. Virusi vinaingia kwenye jeraha, vinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na muda wote huo mbwa anakula, anacheza, anatikisa mkia. Mara nyingi dalili huchukua kati ya wiki 3 na miezi 3. Mbwa asiyechanjwa akiumwa na mnyama mwenye kichaa, kisipochukuliwa uamuzi wa kumuua anatengwa miezi 4 hadi 6. Kwa hiyo ile hali ya Yeller kuonekana mzima, halafu usiku mmoja Travis anampelekea chakula anaungurumiwa, ndipo filamu ilipopatia kuliko mahali pengine popote.

Na chanjo? Hadithi iko mwishoni mwa miaka ya 1860. Louis Pasteur alimchanja mtu kwa mara ya kwanza 1885. Mlitaka mama Katie aitoe wapi?

Hata kabla ya mbwa mwitu, filamu imeshatoa taarifa. Ng'ombe Rose anayumba, povu mdomoni, Travis anampiga risasi. Wanamchoma moto kwa sababu mzoga ukiachwa, mbwa na wanyama wa porini watautafuna. Mbwa mwitu anawavamia akina mama palepale penye moto, na Katie anatoa hesabu yake: mnyama mwenye akili timamu hasogelei moto. Mwenye macho anajua tangu hapo tunaelekea wapi.

Kuna mwingine kaandika kwamba Yeller hakuogopa maji, kwa hiyo kauawa bure. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kulifuata bakuli mwenyewe, shida ni koo kugoma kumeza.

Tatizo letu tumelelewa na vibanda vya video, tukashikilia kwamba steringi hafi. Humu steringi ni mbwa, na anakufa kwa kosa la kumpenda mwenye nyumba. Mnaumia, sawa. Lakini kuumia si kasoro ya filamu.

Mnataka kasoro? Nawapa za kweli. Wimbo wa mwanzo umechangamka kama tangazo la biskuti. Bud Searcy, yule jirani mvivu wa kula kwa watu, anachekesha mara mbili kisha anachosha. Arliss anapiga kelele kupita kiasi, japo kwa umri ule ndivyo walivyo. Na baba anarudi kutoka Kansas mbwa kazikwa sasa hivi, anatoa hotuba, kijana anapewa farasi, kuna kitoto cha mbwa pembeni, tumemaliza. Msiba wa namna ile haumalizwi kwa hotuba ya dakika chache. Hilo ndilo la kuiponda, na hakuna anayeliponda.

#2
Mkuu nakubali nusu. Mzazi anaona jina Disney, anamkalisha mtoto wa miaka mitano, anaenda jikoni. Nyota moja inatokea hapo. Anayetaka kuwaonyesha wadogo asimamishe kabla ya ng'ombe Rose kuugua. Akifika hapo ameshapata dubu, nguruwe, na lile patano la Burn Sanderson, mwenye mbwa wa awali, mbwa kwa mjusi wa miiba wa Arliss na mlo mmoja wa kupikwa nyumbani. Hadithi inasimama vizuri tu. Wakubwa wa miaka minane, tisa, wamalizie, lakini waambiwe mapema kwamba mbwa hatapona.

#3
Malalamiko yangu ni ya upande wa kitabu. Fred Gipson alikitoa 1956 na yeye mwenyewe yumo kwenye kuandika mwongozo wa filamu pamoja na William Tunberg, lakini wamelainisha. Kitabuni hakuna wiki za kusubiri: mbwa mwitu akishauawa, mama anajua, Travis anajaza bunduki na kummaliza Yeller usiku uleule, mbwa akiwa bado mzima na anampenda. Huo ndio mzigo. Filamu imemfanya angurume kwanza ili mtazamaji apate nafuu ya kusema "haya, alikuwa hatari". Mnaoiita filamu katili, kitabu mngekichana.

Halafu Yeller wa kitabuni ana sura mbaya: sikio moja limetafunwa, mkia umekatwa karibu na mwili. Spike, mbwa aliyemwigiza, ana masikio yote, mkia wote, manyoya kama kaoga asubuhi. Frank Weatherwax alimfundisha vizuri sana, sina ugomvi, ila mwizi wa nyama asiye na kwao hafanani vile.

#4
Anayetaka mapigano ya makauboi aangalie Savage Sam ya 1963, vijana ni walewale Tommy Kirk (Travis) na Kevin Corcoran (Arliss), humo mnatekwa na kukimbizana na Waapache hadi mchoke. Ni dhaifu kuliko hii kwa mbali. Hii ya 1957 ndiyo iliyoingizwa 2019 kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

#5 (mwenye uzi)
#3 umenena, hiyo ya kungurumishwa kwanza naipokea, imewapunguzia kazi.

Lakini mbona hakuna aliyegusa mlango? Mnamfungia mbwa mnayemshuku kichaa ndani ya kihenge ambacho mtoto mdogo anaweza kukifungua! Arliss nusura aufungue, mama anauwahi kuubamiza. Kihenge kina nafasi kati ya mbao, chakula kingepitishwa hapo, mlango wangeugongelea misumari siku ya kwanza. Hilo ni kosa la watu wazima.

#6
Na Arliss angeng'atwa ingekuwaje?

#7 (mwenye uzi)
Kwa mwaka ule, wangeomba Mungu tu. Leo unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na siku hiyohiyo unakwenda hospitali kuanza chanjo. Usisubiri mbwa aonyeshe dalili, na usiache katikati ya dozi kwa sababu kidonda kimefunga.