Naombeni ushauri: waelimishaji rika wangu wanajua mada zote, lakini wenzao hawawasikilizi

Mwalimu wa malezi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu, nasimamia ushauri nasaha shuleni. Mwaka jana mabinti wawili waliacha masomo kwa sababu ya ujauzito. Imeniuma sana. Nikaunda kikundi cha waelimishaji rika kumi, yaani wanafunzi wa kuwaelimisha wenzao: viranja na wale wanaoongoza darasani. Mada wamezishika vizuri, ila wakisimama mbele ya wenzao ni kimya tupu. Nikaweka sanduku la maswali. Juzi nimekuta kikaratasi kimekunjwa mara nne, mwandiko umepindishwa makusudi: "Ukifanya umesimama, mimba inaingia?" Kumbe sisi tunahubiri maadili, mtoto anahangaika na hilo! Nimekosea wapi?

Muuguzi
Pole mwalimu. Swali hilo lijibuni waziwazi: ndiyo, inaingia, mkao hauzuii kitu. Hata mara ya kwanza inaingia. Binti anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, kwa kuwa yai hutangulia damu. Na hizo "siku salama" wanazodanganyana ndizo zinazowaponza: mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini hadi siku 5, na mzunguko wa binti mdogo mara nyingi haujatulia. Atahesabu kuanzia wapi?

Niliwahi kuwa mwelimishaji rika
Shikamoo mwalimu. Tatizo ni viranja. Kiranja ndiye anayeandika majina ya wachelewaji, nani atamfungulia moyo? Pigisha kura ya siri: "Ukiwa na shida, unamwambia nani?" Majina yatakayojirudia ndiyo ya kuchukua. Kwetu alitokea msichana wa dawati la nyuma, hesabu zilimshinda kabisa, lakini kila aliyelia alikimbilia kwake. Halafu acheni hotuba, igizeni. Mtu amekupa simu, sasa anadai "shukrani". Unamjibuje? Tulilirudia jibu lile mpaka ulimi ukazoea.

Baba wa wavulana watatu
Mwalimu, wavulana mbona hujawataja? Mimba haiingii kwa binti peke yake. Wafundishwe kondomu, wafundishwe na kwamba akisema hapana, ni hapana. Ila yule mtu mzima anayewavizia mabinti njiani ni kazi yetu wazazi na ya sheria, msiwatwishe watoto.

Muuguzi
Baba kasema kweli. Niongeze: elimu rika peke yake huongeza uelewa, lakini uelewa bila huduma hauzuii mimba. Mwelimishaji awe daraja, ajue mwalimu gani na muuguzi gani wa kumpelekea mwenzake. Akisikia habari ya kubakwa asikae nayo, ifike kwa mtu mzima anayeaminika siku hiyohiyo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinavyotumika zaidi vinatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi.

Mwalimu wa malezi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Kesho napigisha kura. Kikaratasi nimekitunza kwenye daftari langu, Ijumaa tunaanza nacho, na wavulana wakiwemo. Muuguzi, nitaomba na wewe unielekeze namna ya kumwalika mwenzako wa kituo cha jirani.